Milioni 13, upo Tabora, unataka sedani yenye moto: Mark X, Altezza, Crown, Brevis au Subaru B4?

Wakuu habari za muda huu. Naomba niweke uzi huu kwa kirefu kwa sababu kila nikikaa gereji pale Isevya swali ni lile lile, kijana kapata mkopo wa kazini au hela ya tumbaku imetoka, anakuja na milioni 12, 13, kichwani kashachagua gari kwa sura, anataka tumwambie tu ndiyo chukua. Mimi napenda hizi gari kutoka moyoni, sedani ya gurudumu za nyuma zinazosukuma, injini ya silinda sita, ukikanyaga inakujibu, kwahiyo siji hapa kumwambia mtu aache akanunue kigari cha lita moja. Nakuja kusema kwamba kwa mtu wa Tabora gari sahihi inategemea unaendesha wapi, mjini au safari, na hilo ndilo madalali hawakuulizi kabisa.

Nianze na injini maana hapo ndipo pesa inapopotelea.

Chukua Toyota Mark X ya kwanza, ile ya Novemba 2004 mpaka 2009, chesisi yake inaanza na GRX120. Yenye 2.5 ina injini inaitwa 4GR-FSE, V6, hosipawa 215. Zipo na za 3.0, hizo ni GRX121 na injini 3GR-FSE, hosipawa 256. Sasa tazama hizo herufi FSE mwishoni. Maana yake nozeli zinamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, Toyota wenyewe wanaita D-4. Kwenye injini za zamani, zenye FE au GE, petroli inamwagwa kabla ya valvu, ikipita inaziosha valvu za kuingiza hewa. Kwenye FSE hakuna kinachoziosha. Mvuke wa oili unaopita kule unaganda juu ya valvu unakuwa masizi magumu, yakijaa gari inaanza kutetema asubuhi, inakosa silinda, taa ya injini inawaka, unaambiwa badili plagi, unabadili, inatulia siku mbili inarudi pale pale.

Na hii siyo stori ya mafundi wa kwetu. Injini hiyo hiyo ya 4GR-FSE iko kwenye Lexus IS250, na kule Marekani wenye gari za kuanzia 2006 walilalamika sana mpaka ukawekwa mpango wa kuzitengeneza, wakawa wanasafisha na kubadili pistoni na ringi.

Masizi yanajaa haraka zaidi kama injini haipati joto lake kamili, yaani safari fupi fupi na kuunguruma imesimama. Sasa Tabora mjini unatoka Cheyo kwenda sokoni, unatoka Ipuli kwenda Kanyenye, umefika kabla hata mshale wa joto haujakaa sawa. Unazima. Baada ya saa moja unawasha tena unarudi. Ukifanya hivyo mwaka mzima na Mark X yako, hutoki nje ya Kiloleni, unaiua taratibu huku unaipiga polishi kila Jumapili. Wakati huo huo jamaa mwingine ana gari ile ile kabisa ila kila mwezi anapiga Nzega, Shinyanga, Mwanza, au anakata Nyahua, Chaya, Itigi mpaka Manyoni anaenda Dodoma, gari yake ina kilomita nyingi kuliko yako na injini yake ni nzima kuliko yako. Nimeona hii mara nyingi mpaka sasa hivi swali langu la kwanza kwa mtu siyo una shilingi ngapi, ni unasafiri mara ngapi.

Kwahiyo msimamo wangu ni huu. Kama gari itaishi mjini, achana na FSE zote, tafuta Altezza ya 1G-FE au Mark II ya GX110. Kama ni mtu wa safari, Mark X ya 2.5 kwa bajeti hii hakuna inayoigusa.

Sasa tuziangalie moja moja.

Altezza. Hii ilitoka 1998, ikachukua tuzo ya gari bora la mwaka Japani msimu wa 1998-1999, huko nje wakaiuza kwa jina la Lexus IS200. Watu wengi wanajua Altezza ni Altezza, kumbe ziko mbili tofauti kabisa na kadi ya gari inakwambia. Chesisi ikianza na GXE10 ni AS200, injini 1G-FE, silinda sita zimepangwa mstari, 2.0, hosipawa 160. Ikianza na SXE10 ni RS200, injini 3S-GE ya silinda nne ambayo ya manyo (gia za mkono) inafika hosipawa 210 na ina gia sita. Kwa makaratasi RS200 inaimeza AS200, na mtu ukiisikia ikipanda resi unaelewa kwanini vijana wanaitafuta. Ila RS200 ni injini iliyobanwa, inataka petroli ya oktani kubwa, inataka oili nzuri kwa wakati, na spea zake kwa Tabora utasubiri basi la Dar kila kitu. 1G-FE ni injini ya kazi, imefungwa kwenye GX100, GX110, Verossa, Altezza, kila fundi mwenye umri wa kuoa ameshaifungua. Haina moto wa kutisha, hilo niseme ukweli, mtu aliyezoea V6 ataiona nzito kupanda. Lakini Altezza yenyewe ni kilo 1,300 na kitu, usukani wake uko hai mno, kona unaingia unajua tairi la mbele liko wapi. Kwangu mimi raha ya kuendesha Altezza ya hosipawa 160 inazidi gari nyingi zenye nguvu kuliko yeye.

Kasoro yake: siti za nyuma zimebana, mtu mrefu magoti yanagusa. Na nyingi zimeshapita mikono ya vijana wanaokata springi ili ishuke chini. Ukikuta Altezza imekatwa springi ondoka, usijadili bei, kwa sababu shokapu, bushi na hata mikono ya mbele vyote vimeshateseka.

GX110 sitaongea sana, ni gari ya kistaarabu, injini ile ile ya 1G-FE, boneti ndefu, ndani kuna nafasi. Angalia tu kadi, GX110 ni 1G, JZX110 ni 1JZ, na kama ni 1JZ-FSE tumerudi kule kule kwenye masizi.

Brevis sasa. Ilitengenezwa 2001 mpaka 2007, injini 1JZ-FSE ya 2.5 yenye hosipawa 200 au 2JZ-FSE ya 3.0 yenye 220. Bei yake iko chini ya Mark X na ndani imetulia kama sebule, ndiyo maana watu wanadondokea hapo. Ila ni FSE za mwanzo mwanzo, pampu yake ya presha kubwa haipendi petroli chafu hata kidogo. Ukiishi Tabora siku moja tu utajikuta uko Ulyankulu au ndani huko Sikonge wese limekata, unanunua petroli ya chupa ya bodaboda, na hapo ndipo pampu na nozeli zinapoanza kuugua. Alafu taimingi yake ni ya beti (mkanda), inabadilishwa kila kilomita 100,000, na anayekuuzia mara zote atakwambia imebadilishwa juzi. Omba risiti. Kama hakuna, hesabu kwamba haijabadilishwa, weka kwenye gharama zako.

Mark X inatumia cheni kwahiyo hilo la beti halikuhusu, hii ni faida kubwa ambayo watu hawaisemi.

Crown Athlete ya GRS180, ile wanaita Zero, kuanzia mwisho wa 2003 mpaka 2008. Ndugu zangu hii ni Mark X iliyovaa suti, injini ile ile ya 4GR-FSE kwa ile ya 2.5, sehemu nyingi za chini zinafanana. Ni tulivu zaidi, siti bora zaidi, umeme mwingi zaidi, na umeme mwingi kwenye gari ya karibu miaka 20 ni bili. Kama una familia na unasafiri, Crown ni chaguo zuri sana. Kama unataka kuendesha mwenyewe na kufurahia, Mark X ni nyepesi kidogo na inageuka vizuri zaidi. Ile Athlete ya 3.5 yenye hosipawa 315 naomba muiache, gari ya kusafiri kwa speed ile na tairi za kuungaunga ni hatari kwako na kwa watu wa vijijini wanaovuka barabara na baiskeli za mkaa.

Subaru Legacy B4, ile ya BL5 ya 2003 mpaka 2009. Nayo ilichukua gari bora la mwaka Japani 2003-2004 na ilistahili. Zipo za 2.0i, za 2.0R na za GT yenye turbo, hosipawa 260 kwa oto na 280 kwa manyo, utaijua kwa lile tundu la hewa juu ya boneti. Uzuri wake ni gurudumu zote nne zinavuta, na mchanga wetu wa Tabora mnaujua, masika ikinyesha mitaa ya Mwinyi na Ng'ambo Mark X inazungusha tairi moja la nyuma tu pale pale. B4 inapita. Shida siyo gari, shida ni nani ataishika. Injini imelala, plagi ziko ubavuni zinatazamana na kuta, beti ikikatika valvu zinagonga pistoni injini imekwisha, turbo inataka oili safi kwa wakati bila huruma. Kama unaye fundi wa Subaru unayemwamini kwa jina na umeona gari zake zinatembea, nunua. Kama unasema nitampata mbele ya safari, usinunue.

Kuhusu kuagiza mwenyewe Japani na bajeti hii. Gari zote hizi zimeshapita miaka kumi, kwahiyo mbali na ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, kuna ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na injini ikizidi cc 2,000 ushuru wa bidhaa unakuwa asilimia 10 badala ya 5. Altezza hizi mbili za sedani ziko chini ya cc 2,000, Mark X ya 2.5 iko cc 2,499. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni uweke gari yako uone namba ikitoka, wengi wakiona wanarudi kutafuta iliyopo nchini tayari. Na mimi nashauri hivyo hivyo kwa milioni 13, tafuta namba D iliyotunzwa.

Milioni 13 siyo bei ya gari. Gari iwe milioni 10, ikizidi sana 10 na nusu. Inayobaki ni tairi nne, oili zote, plagi sita, kubadili umiliki, bima, na ile kitu ambayo lazima itaharibika mwezi wa kwanza. Mtu anayetoa zote 13 kwa muuzaji anaendesha gari ya milioni 13 yenye tairi za elfu hamsini, na ndiyo hao unaona gari imepaki chini ya mwembe miezi inasubiri rejeta.

Kabla ya kulipa, mambo ambayo mimi siyaachi: nenda asubuhi na mapema, mwambie muuzaji kabla kwamba usiiwashe mpaka nifike, gusa boneti iwe baridi. Washa, sikiliza, isimame yenyewe bila kutetema. Kwenye Mark X na Crown angalia upande wa pampu ya maji kama kuna alama za rangi ya waridi zimekauka, pampu za maji za hizi GR zinavuja, na kama kwenye rejeta unakuta maji matupu badala ya kulanti (maji maalum ya kupoza injini) jiulize kwanini. Alafu weka D ukiwa umekanyaga breki, R, D tena, isigonge. Barabarani ibadilishe gia bila kushtuka, baridi na ikishapata moto. Gia boksi ya Mark X ya 2.5 ni ya gia sita na haina kijiti cha kupimia mafuta, inajazwa kwa joto maalum na inatumia mafuta ya Toyota WS, kwahiyo muulize fundi wake aliweka nini, akikwambia aliweka ATF ya kawaida nyekundu yoyote shukuru uondoke.

Karibuni kwa maswali na mawazo, wenye uzoefu tofauti semeni.

MDAU WA URAMBO: Mkuu shikamoo kwa uzi, umenikuta kabisa. Mimi ni mwalimu, shule iko kama kilomita 12 kutoka Urambo mjini, barabara ni vumbi, nakwenda na kurudi kila siku, mwisho wa mwezi naenda Tabora. Nina milioni 9 tu na dalali ananipa Brevis ya 2.5 milioni 7 na nusu, nzuri haina hata mkwaruzo. Niache?

MWENYE UZI: Marahaba mwalimu. Iache. Vumbi la kila siku pamoja na petroli ya huko na bajeti ambayo ukishalipa inabaki milioni moja na nusu, pampu ikigoma tu umerudi kwenye bodaboda. Kwa hali yako tafuta GX110 yenye 1G-FE, na ukiipata filta ya hewa usisubiri mpaka sevisi, ifungue kila baada ya wiki mbili uipulize, na ibadili mapema. Haina sifa mtaani kama Brevis ila utafika shule kila asubuhi. Na kama hujanunua bado, peleka lile gari kwa fundi ambaye hafahamiani na dalali, uone litasemwaje.

MDAU WA B4: Mwenye uzi umetuonea watu wa Subaru. Mimi nipo Tabora hapa hapa, nina 2.0R haina turbo, mwaka wa tatu sasa, nimeshaenda nayo Mpanda kupitia Sikonge, Ipole na Koga, masika na kiangazi, hakuna kitu kimenisumbua zaidi ya bushi. Watu wanaogopeshana tu, ukiweka oili kwa wakati Subaru haifi.

MWENYE UZI: Mkuu nakubali, na nafurahi umeleta 2.0R maana hiyo wengi hawaijui, wanadhani B4 ni turbo au basi. Ile ni injini ya kupumua yenyewe, hosipawa 190 ya manyo na 180 ya oto, inapunguza nusu ya hofu niliyoandika pale juu. Kama mtu anapata 2.0R iliyotunzwa kama yako nitamwambia achukue. Ila na wewe tuambie ukweli, fundi wako ni nani, yaani ni mtu wa hapa au unaenda nayo Mwanza?

MDAU WA B4: Ni wa hapa, alifanya kazi Dar kwenye gereji ya Subaru akarudi nyumbani. Bila yeye kweli ningekuwa nasema mengine.

MWENYE UZI: Basi hapo tumeelewana kabisa.

MDAU WA KIGOMA: Wakuu na sisi wa mwisho wa reli tusikilizwe. Nipo Gungu, nataka Mark X, wakwe wako Kaliua kwahiyo njia yangu ni Uvinza, Malagarasi mpaka Kaliua, na mara nyingine Kasulu kikazi. Nimeona moja Dar ina rimu 18, imepigwa S package, inavutia sana. Itaweza?

MWENYE UZI: Ndugu yangu, kwanza ulizia hali ya Uvinza mpaka Malagarasi kwa madereva wa wiki hiyo hiyo kabla hujatoka, usitegemee stori ya mwezi uliopita, hasa masika. Pili rimu 18 kwa njia yako hapana. Ile inakuja na tairi 225/45, ubavu wa tairi ni mwembamba, shimo moja la ghafla usiku umepinda rimu na umepasua tairi, na ikipasuka mbali huko tairi ya saizi hiyo huipati. Mark X ya kawaida ya 250G ilitoka kiwandani na 215/60 rimu 16, hiyo ndiyo saizi yako. Kama umeipenda hiyo hiyo, nunua, uza rimu 18 au ziweke ndani, funga 16. Gari inakuwa laini, haiungurumi, na inapata pumzi kidogo kati ya rimu na shimo. Tatu, muulize fundi aifunge kinga ya bati chini ya injini kama ya plastiki ilishang'oka, maana nyingi zimeshang'oka, na sampu ya oili iko pale pale chini inasubiri jiwe.

Na kuna kitu kizuri kwako, safari zako ni ndefu, kwahiyo ile habari ya masizi wewe inakugusa kidogo kuliko mtu wa mjini. Ukitoka Kigoma injini inapata joto lake kamili inafanya kazi yake.

DADA WA CHEYO: Kaka naomba kuuliza bila kuchekwa. Mimi sina habari za resi, nina watoto wawili wadogo, natoka kazini hospitali naenda nyumbani ni karibu, ila kila likizo tunaenda Moshi kwa gari. Mume wangu anataka Altezza kwa sababu alikuwa anaiota tangu chuo. Bajeti ni hiyo hiyo yenu.

MWENYE UZI: Dada hakuna wa kukucheka, swali lako ndilo la maana kuliko yote hapa. Altezza na watoto wawili inawezekana wakiwa wadogo, ila viti vya watoto vikifungwa nyuma basi siti ya mbele inabidi isogezwe na shemeji kama ni mrefu atateseka mpaka Moshi, na buti yake ya likizo haitoshi mabegi na mchele. Mimi nisingempokonya ndoto yake, ningempeleka akae ndani ya GX110 na watoto wote na mabegi, alafu akae kwenye Altezza vivyo hivyo, aamue mwenyewe. Crown ingekuwa jibu zuri kwa Moshi, tatizo ni zile siku nyingine zote za Cheyo hospitali, Cheyo hospitali. Kama mtaamua Crown au Mark X kwa sababu ya safari, basi angalau mara moja kwa wiki mtu aitoe mpaka njia ya Nzega, aendeshe nusu saa bila kusimama kwa mwendo wa halali, injini ipate joto. Na oili msizidishe kilomita, 5,000 inatosha.

MDAU MWINGINE: Mnajichosha. Milioni 13 nunua Premio mtu ulale usingizi, wese kidogo, spea kila duka.

MWENYE UZI: Mkuu Premio ni gari nzuri na sina neno baya juu yake, kwa mtu anayetaka kufika tu ni jibu sahihi. Ila kuna watu kuendesha ndiyo furaha yao, wanafanya kazi mwaka mzima wakiwaza hilo, na siyo dhambi. Mtu wa namna hiyo ukimpa Premio ataiuza ndani ya mwaka anapata hasara, aende kununua ile Mark X bila kujua chochote. Bora aijue vizuri aichukue mapema. Kuhusu wese, Mark X ya 2.5 kwa mjini nimeona inacheza km 8 mpaka 9 kwa lita, safari ukitulia 11, 12. Siyo Premio, lakini siyo ile ya kuuza kiwanja kama watu wanavyosema.

MDAU WA NZEGA: Na ile habari kwamba Mark X inataka petroli ya bei mbaya? Kuna mtu aliniambia nikiweka ya kawaida injini inakufa.

MWENYE UZI: Haifi. Ukweli ni kwamba GRX120 kwa Japani ilipangiwa petroli ya oktani ya juu ndipo ikatoa hizo 215. Ukiweka ya chini yake kuna sensa inasikia injini ikitaka kugonga, inarudisha taimingi nyuma, unapoteza nguvu kidogo na wese kidogo. Toyota wenyewe kwenye Mark X ya pili, GRX130 ya kuanzia Oktoba 2009, ile 2.5 waliipangia petroli ya kawaida na hosipawa ikashuka ikawa 203. Ile ikiingia kwenye bajeti yako chukua haraka, ila mara nyingi inapita. Kwa hii ya zamani jaza sheli kubwa inayouza sana, petroli isiyokaa kwenye tanki wiki nzima, na usisubiri taa iwake.

FUNDI WA NG'AMBO: Naongezea kidogo kwa mwenye uzi. Mtu akija na mashine kupima gari, kama hakuna kosa lolote linaloonekana asifurahi mapema, makosa yanafutwa dakika moja kabla hujafika. Endesha gari angalau kilomita 20 alafu pima tena. Na kilomita za dashibodi msiziamini, angalia usukani ulivyolainika, pedali ya breki ilivyolika, na siti ya dereva upande wa kushukia. Gari ya kilomita elfu 80 haiwezi kuwa na pedali imekwisha mpaka chuma.

MWENYE UZI: Shukrani fundi, hilo la kupima mara mbili ni muhimu mno.

MDAU MPYA: Mkuu mimi ndiye nilikuPM, Jumamosi naenda kuangalia Mark X Igunga, 250G ya 2006, milioni 10 na laki 8, kadi ina jina la mtu wa tatu, anayeuza anasema ni shemeji yake. Nitasafiri nayo, kazi yangu ni ya kwenda Shinyanga na Singida kila wiki.

MWENYE UZI: Kwa kazi yako gari ni sahihi kabisa, njia zako zote ni lami na ndefu. Hofu yangu ni hiyo kadi. Usitoe hata elfu kumi ya kishika uchumba mpaka mwenye jina kwenye kadi awepo na kitambulisho chake, mkataba usainiwe kwa mwanasheria, na linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi na ile ya kadi, herufi kwa herufi. Hakiki TRA kama haidaiwi na polisi kama haina kesi, na ujue kama ilikopewa benki basi kadi halisi imeshikwa huko kama dhamana. Shemeji akisema mwenye kadi yuko mbali, mwambie utamsubiri. Mark X za 2006 bado zipo nyingi. Ukishaiwasha ikiwa baridi nirekodie sauti yake dakika mbili unitumie, nitaisikiliza usiku huo huo.